Magoti Yangu na Safari Yako

Somoe mwanangu,

Shikamoo yako ya jioni niliisikia. Hukunitazama ulipoitoa, na mimi nikaitikia huku nimeinamia sufuria, kwa hiyo tuko sawa. Barua hii nimeiweka juu ya nguo zako ili uikute kabla hujafunga begi. Isome yote kabla hujaniamsha. Unajua niliishia darasa la tano, na unajua vidole vyangu vinakufa ganzi nikishika kitu chembamba kwa muda mrefu, basi usidhani nimeandika kwa kujifurahisha.

Habari za kufunga kabati la bweni, kuswali kwa wakati na kujihadhari na vijana wa chuo huko Mtwara sitaandika. Unazijua, na zile usizozijua utafundishwa huko huko, tena kwa ukali. Nataka kukueleza maradhi yangu, kwa sababu wewe umeyaona kwa nje tu. Umeyabeba, umeyapikia, umeyafulia nguo, lakini hujawahi kuyasikia kutoka kwangu bila mimi kutaka kitu kwako.

Tulipoteremka kutoka Kipatimu kuja kwenye chumvi huku pwani ya Lindi, nilikuwa na nguvu za kuchekesha. Baba yako alikuwa anakwangua, mimi nabeba, na jaruba letu la kukaushia maji ya bahari tulilimaliza kabla jua halijakaa sawasawa kichwani. Kazi ya hapa ni ya wawili wawili, mmoja anakwangua chumvi na kuikusanya, mwenzake anaibeba hadi kwenye lundo. Mmoja akilegea, wote wawili wanaonekana wamelegea, na msimamizi haulizi nani kamlegeza nani. Ndiyo maana nilipoanza kulegea, wa kwanza kunichukia alikuwa baba yako. Kwa kunichukia simlaumu sana. Namlaumu kwa maneno yake.

Yalikuja polepole, kama maji yanavyopanda kwenye ukuta wa udongo. Nikawa naamka nimechoka kama sikulala. Magoti yakawa magumu asubuhi, na vifundo vya mikono vikauma mpaka kukamua nguo ikawa adhabu. Wenzangu wakitiririka jasho, mimi nasikia baridi, nikawa najifunga khanga mbili begani katikati ya majaruba, jua limesimama. Uso ukavimba. Sauti ikawa nzito hata mtu akipiga simu ananiambia shikamoo baba. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Choo nilikipata kwa kubahatisha. Nilikuwa nakula kidogo kuliko wewe, na wewe ulikuwa mtoto, lakini nanenepa mimi.

Wanawake wa kambini wakasema nina mimba. Miezi ilipopita bila mtoto kutokea, wakasema nimeitoa. Baba yako alisikia yote mawili na akayaamini yote mawili, kila moja kwa siku yake. Siku alipoondoka kwenda Mchinga kwa yule mke mwingine, alisimama hapo nje mbele ya watu akasema, "Mimi sikuoa gunia la chumvi lililolowa." Watu walicheka. Wewe ulikuwa mlangoni, na wewe ulicheka, kidogo tu, kwa kuwa watu wazima walikuwa wanacheka. Sijawahi kukwambia kwamba nilikuona. Nakwambia leo kwa sababu miaka yote hii umekuwa ukinitumikia kama mtu aliyehukumiwa, na nimewahi kujiuliza kama ni kwa ajili ya kile kicheko. Kama ndicho, kiache hapa hapa. Maneno yale yalichekesha kweli. Kama yangekuwa ya mwanamke mwingine, na mimi ningecheka.

Baada ya hapo nilikupeleka Kipatimu kwa bibi yako ukasome, mimi nikabaki. Msimamizi alinipa mwenzi wa jaruba, akanikimbia. Akanipa mwingine, naye akanikimbia. Hakuna aliyetaka kufungwa na mtu anayesimama katikati ya kazi kama ng'ombe aliyesahau njia. Nilikwenda kwa mganga. Akasema ni jini wa maji ya chumvi, akanichanja chale magotini, akapaka dawa nyeusi, akaniagiza nisikanyage kazini mpaka vidonda vifunge. Kesho yake nilikuwa ndani ya jaruba, maana hakuna ambaye angenifanyia. Chale mbichi ndani ya maji yale, mwanangu, sikuelezi. Nilikuwa naruka mguu huu na mguu huu. Msimamizi akapita akasema, "Leo bi mkubwa umechangamka."

Nikahamia kwenye vidonge vya maumivu vya dukani. Mwenye duka alinipa bila kuuliza, nami nikavimeza kama karanga. Nilipata nafuu ya kufika jioni, basi. Tumbo likaanza kuungua, na siku moja nikatapika kitu cheusi kama kahawa. Mpaka leo tumbo langu linakumbuka, na magoti hayakushukuru. Hilo ulishike hata kama mengine utayasahau: dawa ya maumivu haijui kwa nini unaumwa. Inakunyamazisha tu ili uendelee kujiumiza.

Sasa nikueleze jinsi ilivyojulikana ninaumwa nini, maana wewe hukuwepo na umeisikia nusu nusu. Alifariki mzee mmoja wa ukoo wetu aliyehamia Lindi zamani, akapata watoto wakasoma. Tulikwenda mazikoni. Ngulangwa alikuwepo. Unamjua Ngulangwa, mtani wetu. Ukoo wake na wetu hutaniana tangu mababu, na msibani ana ruhusa ya kusema yale ambayo mwingine akiyasema anapigwa. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa, watake wasitake. Kwa kawaida angemwigiza marehemu, lakini yule mzee alikuwa mtu mpole, alikufa kitandani kimya kimya, hakuacha cha kuigiza. Basi akaamua kuniigiza mimi.

Alijifunga khanga tatu. Alijaza matambara mashavuni. Akapita kati ya mikeka akivuta miguu kama mtu aliyekwama topeni, mkono kiunoni, akisema kwa sauti ya kukwaruza, "Nipisheni jamani, nimeanza safari ya chooni tangu juzi." Akasimama, akasahau alichotaka kusema, akawauliza watu yeye ni nani. Akajikunyata kwa baridi huku jasho linamtoka. Akafikicha vidole. Kisha akakaa chini mbele ya jeneza na kuinuka kukamshinda, akawaita wanaume wamnyanyue, na walipomnyanyua akamwambia maiti, "Umewahi wewe. Mimi nitakuja, lakini usinisubiri kula."

Msiba mzima ulikuwa chini kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake. Nilitaka kuondoka, lakini ningeinukaje? Ningeinuka vile vile alivyokuwa anaonyesha, na ingekuwa kama nampigia makofi. Nikabaki pale, nikatazama chini, nikasikiliza watu wanavyonicheka kiungo kwa kiungo.

Binti wa marehemu alikuwa analia. Yeye ni nesi. Akanyamaza ghafla, akamwita Ngulangwa kwa kidole.

"Mtani, huyo unayemwigiza ni mtu kweli, au umemtunga?"

"Mtu kabisa. Yule pale anayefanana na godoro."

Akaja mpaka nilipokaa, na msiba wake, na macho yake mekundu. Akanishika shingo mbele ya watu wote, akabonyeza uso, akabonyeza mguu chini ya goti. Akaniuliza kama nasikia baridi kweli, kama naumwa viungo asubuhi, kama sauti yangu ilikuwa hivi tangu zamani. Nilidhani naye ananitania. Akasema, "Shangazi, tukimaliza kumzika baba, wewe unakuja hospitali. Usipokuja namtuma huyu huyu mtani akubebe huku anaimba."

Fikiria jambo hilo, Somoe. Walionihurumia walikuwa wengi. Walinipa pole, walinisogezea kiti, na hakuna hata mmoja aliyeona kitu. Aliyeona ni yule aliyenidharau kwa makini. Ndiyo maana sitaki uniage kwa huruma.

Hospitali walinitoa damu. Wakasema ndani ya shingo kuna tezi ambayo kazi yake ni kuusukuma mwili wote uende, na yangu imechoka, haitoi kinachotakiwa. Mwili ukikosa hicho, kila kitu kinapunguza mwendo: moyo, tumbo, akili, nyama za mwili, na viungo vinakauka na kuvimba. Nikauliza kama ni chumvi yetu, kwa kuwa miaka yote tumekula tunayoichota wenyewe jarubani, isiyotiwa madini joto. Daktari akasema kwa wengine huweza kuwa hivyo, kwangu anadhani mwili wenyewe ndio unaoishambulia tezi. Lakini akaniagiza ninunue chumvi ya dukani. Nilicheka pale pale. Nimejivunja kwa kubeba chumvi, halafu chumvi ya kula nikanunue.

Nilimuuliza nesi dawa nitakunywa mpaka lini. Akasema, "Mpaka tukuzike, shangazi." Sikumwelewa. Nilidhani ni maneno ya kutia moyo.

Kwa hiyo nilipopata nafuu, nikaacha. Sauti ilikuwa imerudi, uso umeshuka, naamka naona dunia ina rangi, nikasema nimepona, ya nini kumeza tena. Yalirudi yote, polepole vile vile, na kwa kuwa ni polepole sikuyaona yanaingia. Nikarudi hospitali kwa aibu, nikaanza upya. Msimu wa mavuno makubwa nikafanya upumbavu mwingine. Nilisema kama kidonge kimoja kinanisimamisha, viwili vitanikimbiza. Kweli vilinikimbiza. Moyo ulikuwa unapiga kama mtu anayegonga mlango anataka kuvunja, mikono inatetemeka, usingizi hakuna, na mimi nikaona hizo ndizo nguvu. Nilibeba chumvi siku hizo kama kichaa. Nesi aliponiona hakunigombeza. Alinishika mkono, akahesabu mapigo, akaniuliza kama ningekufa mtoto wangu angelelewa na nani.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa la Ramadhani, na nadhani huku kwetu silo langu peke yangu. Mchana sikutaka kuharibu funga, basi nikahamishia kidonge kwenye futari. Adhana ikilia, namung'unya tende, nameza kidonge kwa uji wa pilipili manga, juu yake chai ya maziwa, juu yake muhogo, na vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu nilivyopewa navimeza hapo hapo ili nisisahau. Kila siku nimemeza, sikuruka hata moja, na nilijiona mgonjwa mwema kupita wote. Mwezi ulipokwisha nilikuwa nimerudi topeni. Siku ya Idi Ngulangwa alikuja kula pilau akanitazama akasema, "Mtani, godoro limelowa tena." Nesi akanieleza kwamba dawa hii inataka tumbo tupu na maji matupu. Ukiichanganya na chakula na maziwa inapita tu, na vidonge vya damu ndivyo vinavyoizuia hasa, hivyo vinywewe mbali nayo. Akasema ningeweza kuamka kabla ya daku nikaimeza, nikasubiri, ndipo nikala. Kama kwa siku zile nimedhoofika mno, basi nimuulize yeye au shehe kuhusu kufunga kwenyewe. Mimi sikuwa nimemuuliza yeyote. Nilimwogopa Mungu na nikaona aibu kwa nesi, na kati ya hao wawili nikajitungia dawa yangu.

Nakuandikia haya ujue kwamba sikuwa mgonjwa wa bahati mbaya tu. Nilikuwa pia mgonjwa mjinga, na ujinga uliniuma sawa na tezi.

Halafu kuna jambo ambalo nililichukia kuliko yote. Dawa ilipokaa sawa, damu ikapimwa ikawa sawa, magoti hayakurudi yote. Nilikwenda kwa daktari kwa hasira, nikamwambia dawa yake ni ya uongo. Alinivumilia. Akasema nyama na viungo huchelewa kuliko damu, huchukua miezi. Akasema na mengine si ya tezi, ni ya kazi, na kidonge cha tezi hakifuti miaka ya kubeba. Nikamuuliza basi nifanye nini. Akasema nipunguze kubeba. Nikamwambia yeye apunguze kutibu.

Niliyojifunza nimejifunza kwa kuumia, si kwa kuambiwa. Lililonichukua muda mrefu ni hili la siku nzuri. Mtu mwenye maradhi haya anapata siku nzuri, ghafla, bila sababu. Mimi siku nzuri ikija nilikuwa naitumia kuwakomoa watu. Nilibeba chumvi ya watu watatu ili walioniita mvivu wanione. Walikuwa hawanioni. Walikuwa wanafanya kazi zao. Kesho yake na siku zinazofuata nalala kama maiti, na hapo ndipo wanaponiona. Siku hizi siku nzuri naifanya iwe ya kawaida, na siku mbaya naifanya iwe ya kawaida, na kati ya hizo mbili natembea. Nakaa kabla sijachoka. Asubuhi siinuki kwa pupa. Nachezesha vidole vya miguu na mikono ndani ya shuka mpaka vikubali, naviweka kwenye maji ya moto, halafu natembea mpaka kisimani na kurudi hata kama goti linanitukana, kwa sababu siku nisizotembea linanitukana zaidi. Hayo ndiyo yote. Si mengi kwa mtu aliyeumwa miaka mingi hivi. Ulitarajia siri kubwa, hakuna.

Sasa nikufikie wewe.

Ulipomaliza kidato cha nne nilikupigia simu Kipatimu nikakwambia nimekukumbuka, njoo. Nilikuwa nimekumbuka miguu yako. Nilikosa mwenzi wa jaruba, kumbe nilikuwa nimejizalia mmoja, ndivyo nilivyofikiri. Ulikuja, ukabeba, na ulibeba vizuri. Msimamizi akaacha kunitazama. Wanawake wakaanza kunisifu kwa kulea. Nikanenepa tena, safari hii kwa raha. Na polepole nikagundua kwamba maumivu yangu yana kazi nyingine. Nikisema goti, unainuka. Nikisema kiuno, unaacha unachofanya. Ukitaka kwenda Lindi mjini kwa rafiki zako, viungo vinaanza kuuma, na vilikuwa vinauma kweli, Somoe, hilo ndilo baya lake. Sikuwa nadanganya. Nilikuwa nachagua saa ya kusema.

Mwaka juzi ulipata nafasi ya chuo hicho hicho unachokwenda kesho. Asubuhi ya safari sikuinuka. Nilikwambia siwezi kusimama. Ulikaa pembeni ya kitanda, begi mapajani, mpaka basi likapita, tulilisikia wote wawili. Mchana niliinuka nikapika wali kwa samaki, nikala sahani nzima, nikaongeza. Ulinitazama nikila. Kisha ulifungua begi ukarudisha nguo kwenye kamba moja moja.

Ulinyamaza mpaka majuzi, siku ile nilipoteleza kwenye ukingo wa jaruba nikapiga kelele, ukaja ukaninyanyua, ukaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi imekauka:

"Mama, ukiumwa huwa unanitazama mimi kwanza."

Nilikutukana. Nilikwambia huna adabu, nikakwambia una roho ya baba yako. Ulibeba karai lako ukaenda. Nilikaa pale kwenye ukingo nikijaribu kukumbuka mara moja tu, moja, ambayo niliumwa bila kukutazama. Zilikuwepo nyingi kabla hujaja. Tangu ulipokuja, sikupata hata moja.

Basi nimefanya nilichoweza. Jaruba nimelirudisha. Jana nilimwambia msimamizi sina mwenzi na sitafuti mwingine, anihamishie kwenye banda la kushonea viroba, kule wanakokaa bibi vikongwe. Kazi ni ya kukaa, kivuli kipo, na malipo ni ya kukaa vile vile, nusu ya dharau na nusu ya huruma. Unajua wanavyoliita banda lile. Ngulangwa alikuja jioni akanipa mkono, akasema, "Karibu mochwari, mtani. Tumekuwekea nafasi ya kona, upepo upo." Sindano itaniumiza vidole, najua. Nitashona kidogo, nitapumzika, nitashona. Nitapata kidogo kuliko tulichopata wawili. Nitakuwa peke yangu. Sikuandikii kwamba nitakuwa na furaha.

Watu watakusema. Watasema umemwacha mama yako kilema ukaenda kujifunza kufunga nyaya za umeme kama mwanamume. Usitegemee nikutetee kila siku. Kuna siku nitachoka, nitaona baridi, nitakaa nao bandani wakikusema na nitaitikia. Ukisikia habari hizo ujue ni kweli nilisema, na ujue zilikuwa ni siku mbaya.

Nitakupigia simu nikwambie naumwa. Niulize kama nimemeza dawa kwa maji matupu, niulize mara ya mwisho kupima damu ilikuwa lini, nipe pole, halafu rudi darasani. Nikikata simu kwa hasira usinipigie tena siku hiyo. Kama ni kufa, Ngulangwa atakupigia. Yeye hawezi kuukosa msiba wangu, ameufanyia mazoezi.

Na jingine, hili silisemi kwa kukutisha. Nesi alisema tezi kama hii hutembea ndani ya familia, zaidi kwa wanawake. Ukiwa huko, ukichoka kwa sababu umekesha na vitabu, hiyo si tezi, lala. Lakini ukianza kuona baridi wakati wenzako wanajipepea, ukaamka na viungo vigumu siku baada ya siku, sauti ikakwama, nywele zikabaki kwenye kitana, nenda ukapimwe damu. Usiende kwa mwenye duka. Usisubiri uigizwe msibani. Watakuita mvivu kabla hawajakuita mgonjwa, nawe utawaamini kwa sababu utakuwa umechoka mno kubishana. Kama nimekuachia maradhi, basi nimekuachia na jina lake, mimi sikuachiwa hilo.

Limebaki jambo la kesho.

Asubuhi ndiyo saa yangu mbaya. Wewe unajua, na mimi najua kwamba unajua. Utakapokuja kuniamsha nitakwambia siwezi kusimama. Itakuwa kweli. Goti litakuwa limevimba, utaliona kwa macho yako, na mimi nitakutazama kwa yale macho. Huenda nikalia, na hujawahi kuniona nikilia, kwa hiyo itakuchoma. Huenda nikakwambia barua hii niliiandika kwa hasira, niliifuta moyoni, usiisikilize. Huenda nikakulaani. Najijua. Maneno yote mazuri niliyonayo nimeyamalizia humu kwa sababu asubuhi sitakuwa nayo.

Usibishane nami. Usinipashie maji, usinishike mkono, usikae pembeni ya kitanda. Chukua begi, toka, vuta mlango mpaka ushike. Ukinisikia naita, hapo ndipo hasa usisimame. Basi likiondoka na wewe ukiwa ndani, mimi nitajichezesha vidole, nitangoja, nitainuka. Huenda ikawa mapema, huenda ikawa adhuhuri. Lakini ukiwa umesimama pale chumbani unaningoja, mwanangu, sitainuka.

Mama yako,
Zuhura